Moja Iko Begani

Mwalimu wangu wa besi alilinganisha gitaa lake na mashine ya kusaga mahindi. Nyumba yake ya Magogoni, Kisauni, ilikuwa ukuta kwa ukuta na mashine hiyo, na ikianza kunguruma asubuhi yeye huinua kidole. "Sikiza. Hiyo ni noti ya la." Kisha hukaza uzi wa pili kutoka juu, taratibu, mpaka gitaa na mashine viwe kitu kimoja, nami niliyekaa kwenye kigoda na gitaa la kuazima mapajani nahisi ua mzima, kuta, mabati, masufuria ya mkewe, vyote vinaimba sauti moja ya chini isiyokatika. Nikifumba macho hata sasa naisikia. Siku mwenye mashine alipobadilisha mkanda, ile sauti ilipanda kidogo, na Mwalimu akatoka na kaptula yake kwenda kulalamika. "Umetuvuruga mtaa mzima," alimwambia. Yule bwana alidhani anasemwa kwa ajili ya vumbi, akaomba radhi na kuahidi kumwagia maji.

Jina lake sitalitaja, na kwa kweli halimkai, maana hakuna aliyelitumia. Mtaani aliitwa Mwalimu, na pakiwa na mwalimu wa shule karibu, basi Mwalimu wa Besi. Mkewe, ambaye sisi wanafunzi tulimwita Mama, naye alimwita hivyo hivyo, hata akiwa amemkasirikia. "Mwalimu, toa miguu yako kwenye unga wangu!" Alikuwa akipika mahamri ya kuuza pale pale uani tulipojifunzia, na nusu ya masomo yangu niliyapata huku macho yakiniwasha moshi.

Leo napiga besi kwa riziki. Kanisani napiga, harusini napiga, studio wakiniita naenda. Na vijana hawaishi kuniuliza swali lile lile: dada, haya mambo ya kusoma noti na kupanga vidole kwa kanuni, kuna haja kweli? Si wakubwa wote wa huku kwetu walipiga kwa sikio tu, na watu wakacheza mpaka viatu vikakatika? Siwajibu upesi. Nikiulizwa hivyo namwona yeye, amekaa kwenye kiti chake cha kamba, kidole hewani, anasubiri mashine iwashwe. Jibu langu lote liko kwake, na si jibu fupi.

Mtu yule alikuwa na kanuni, jamani! "Kila kidole na chumba chake," alisema, akionyesha nafasi zilizo kati ya vyuma vya shingo ya gitaa. "Hakuna kwenda kulala kwa jirani." Kidole changu cha mwisho kilikuwa kizembe, kikipenda kujificha nyuma ya mwenzake, na yeye alikisema kana kwamba ni mtu. "Huyu bibi mdogo kaamkaje leo? Mbona hatoki nje?" Nilicheka, lakini nilirudia mpaka mkono ukawaka moto. Alikuwa na neno moja la kufungia kila jambo: tena. Nikikosea, tena. Nikipatia, tena. Siku niliyopiga zoezi zima bila doa, nikainua macho nikingoja sifa, nilimkuta anatazama kuku. "Tena," alisema, na kuku akaondoka.

Kucha alizikagua kabla hata hujaketi. Mara ya kwanza nilificha mikono nyuma kwa aibu, kwa sababu nimekuna nazi tangu utotoni na ncha za vidole vyangu zilikuwa zimekauka sugu, zimejaa mikwaruzo ya mbuzi. Aliivuta mikono, akaigeuza huku na huku. "Mashallah! Hivi vishaanza shule kabla yangu." Alikuwa Mkristo wa kukaa benchi la mbele, baba yake alikuwa mzee wa kanisa kule bara ya Kilifi, lakini mashallah na wallahi havikumkauka mdomoni, kama ilivyo kwa watu wote wa huku. Tangu siku hiyo Mama alinipa nazi nikune kabla ya mazoezi, eti nipashe vidole moto. Mimi naamini ulikuwa ujanja wao wawili wa kujipatia mkunaji wa bure.

Stima ikipotea, na Kisauni stima hupotea, mazoezi hayakufungwa. Gitaa la besi bila umeme ni ubao unaonong'ona, hata mtu aliye pembeni yako hasikii. Alinifundisha kuweka taya juu ya ubao wenyewe, pale kwenye pembe inayochomoza, ndipo nipige. Lo! Sauti inaingia kwa mfupa. Inajaa kichwani na haina pa kutokea. Tulikaa hivyo, mimi na yeye, kila mmoja na taya juu ya gitaa lake, macho tumefumba mchana kweupe, na kina mama waliokuja na ndoo zao za mahindi wakachungulia uani wakadhani tumesinzia. Sijui tulikaa hivyo mara ngapi. Siku zile zimechanganyikana, zimekuwa mchana mmoja mrefu wenye harufu ya iliki na unga, na ndani yake kitu kinatetemeka polepole.

Sasa mtu huyu mwenye kanuni namna hiyo, ungemwona harusini! Macho yamefungwa, kichwa kimelala upande, kidole gumba kinazurura kinapotaka, na vile vidole vingine vimehamia vyumba vya watu bila haya. Nilimngoja amalize nikamwambia, "Mwalimu, kidole chako cha mwisho kimelala kwa jirani usiku na mchana." Akanitazama kwa upole mwingi. "Kimealikwa," alisema.

Alikuwa na mpigo mmoja. Nasema mmoja kwa sababu mingine yote, kwa maneno yake mwenyewe, aliiokota kwa watu. Huu aliutengeneza yeye, ujanani, kwa ajili ya Mama. Mama alikuwa mchezaji ngoma, wa zile ngoma za kwao za kayamba na chapuo, kina mama wamevaa hando, zile sketi za marinda mengi, na mabega yanafanya kazi kuliko miguu. Mwalimu alikuwa na gitaa la besi jipya na hakujua cha kufanya nalo. Alisimama ukingoni mwa uwanja akimtazama msichana yule, akatafuta kitu cha chini cha kupita chini ya ile kayamba, akakipata. Baadaye bendi yake ikaupeleka hotelini, na watalii waliokuwa wamechoka kwa jua wakainuka wasijue kilichowainua. Sisi tuliuita mpigo wa Mama. Mama mwenyewe akiusikia huacha karai lake la mafuta linaunguza.

Mpigo huo hakumfundisha mtu. Nilimwomba, nikambembeleza, nikamletea hadi sukari. "Haujaandikwa," alisema. Nikamwambia nitaunasa kwa simu. Tulijaribu siku moja kwenye sherehe ya jirani, na tulipousikiliza, kilichosikika ni kayamba, vigelegele na mtu anayedai pilau. Besi haimo. Simu hizi hazina masikio ya chini. "Umeona?" alisema. "Mtu akiuokota kwa kusikia ataubadilisha, na wa pili atambadilishia wa kwanza. Mimi nataka ubaki ulivyo." Na kila jioni, baada ya sisi kuondoka, alikaa na karatasi na penseli kuuandika. Hakuweza.

Ili uelewe kwa nini karatasi ilimkaa moyoni hivyo, lazima nieleze jambo lililompata kabla sijamjua. Alikuwa akipiga katika hoteli moja ya ufuoni, kwa sikio tu, na alikuwa hodari, hilo hata maadui wake walikubali. Akaja mwanamuziki mgeni anayetafuta mpiga besi wa kuzunguka naye nchi za watu. Alimsikia Mwalimu akapiga makofi peke yake. Kesho yake mchana akamwita, akaweka karatasi ya noti mbele yake. "Niliona sisimizi wamepanda kamba ya nguo," Mwalimu alituambia. "Nikamwambia, wewe nipigie kidogo tu, nitakufuata. Akasema hana nafasi." Alichukuliwa kijana mwingine aliyesoma, na huyo, kwa maneno ya Mwalimu, alipiga kama mtu anayesoma barua ya mwenzake. Hadithi hii aliisimulia bila chuki yoyote. Mwisho wake ulikuwa mmoja siku zote: "Lakini yeye alikwenda. Mimi nilibaki nikifunga waya za spika."

Baada ya hapo akaanza shule. Ndevu zimeshaingia mvi, akawa anavuka kila Jumamosi kwenda kanisa moja la Changamwe, ambako mpiga kinanda wa kwaya aliwafundisha noti wafanyakazi wa bandari waliotoka zamu. Aliketi nao na daftari lake la mistari mitano, akihesabu tenzi za rohoni kwa sauti, moja mbili tatu, mpaka sisimizi wakaanza kusema. Alipojua kusoma akakaa akingoja mgeni mwingine aje na karatasi. Hakuja. Hoteli nazo zikaanza kuacha bendi, zikachukua mtu mmoja mwenye kinanda kinachopiga kila kitu.

Rafiki yake mkubwa, mpiga gitaa la solo wa Timbwani, kule Likoni, hakumpa nafuu. Mzee huyo alivuka feri kuja kumtembelea, na kabla hajamaliza salamu yalishaanza. "Hebu nambie, tangu ujifunze hayo madudu, umepata nini? Si bado unakula mahamri ya mkeo?"

"Na wewe unayala hayo hayo," Mwalimu alimjibu. "Tena bila kupika wala kukuna nazi."

"Karatasi haichezi ngoma!"

"Wala wewe huchezi. Goti hilo."

Wakacheka mpaka wakakohoa. Lakini yule mzee alipoondoka, Mwalimu alinigeukia, uso umebadilika. "Sikufundishi kusoma ili upige vizuri," aliniambia. "Kupiga vizuri utapata au hutapata. Nakufundisha ili mlango usije ukafungwa usoni mwako kama ulivyofungwa usoni mwangu." Nilikuwa mwenye kiburi wakati ule, nikaitika tu "abee Mwalimu" na kurudi kwenye zoezi.

Maisha yalimpa haki, kisha yakampa haki mwenzake. Nililetewa kazi ya kwanza ya maana kwa sababu ya karatasi. Kwaya moja kubwa ilikuwa inarekodi mjini, mpiga besi wao akaugua, na kila waliyempigia simu aliuliza, "Wimbo unakwendaje?" Mimi niliuliza, "Noti mnazo?" Nilikaa, nikasoma, tukamaliza kabla ya chakula cha mchana, na mwalimu wa kwaya, mtu wa bara asiyejua kutabasamu, alitabasamu. Nikaenda mbio Magogoni kusimulia. Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho, machozi yakimlengalenga, akavuta kiti. "Tena," alisema. Nikasimulia tena.

Halafu yule mzee wa Timbwani akanipa nafasi katika bendi yake, harusi moja tu, kunijaribu. Nilijitayarisha wiki nzima. Baada ya harusi alinivuta pembeni, akaniambia kwa huruma, na huruma yake ndiyo iliyoniuma zaidi: "Mwanangu, hukukosea hata mahali pamoja. Ndiyo taabu yenyewe. Watu walikuwa wamekaa." Nililia kwenye feri kutoka Likoni mpaka kisiwani, gitaa nimelikumbatia, na mama mmoja akanipa maji akidhani nimefiwa. Nilipomweleza Mwalimu, alilipokea gitaa akaliegemeza ukutani. Kisha akasema, "Hilo siwezi kukuandikia." Sikuwa nimewahi kumsikia akikiri kushindwa kabla ya siku ile, na niliogopa.

Masikio yalimwacha kidogo kidogo, kwa miaka yote aliyosimama kando ya spika. Mimi nililijua hilo asubuhi moja nilipofika nikamkuta amekaa na gitaa, kidole hewani, anangoja. "Leo mashine haifanyi kazi?" aliniuliza. Mashine ilikuwa inanguruma. Ukuta ulikuwa unatetemeka, unga unarukaruka juu ya meza ya Mama. Alinisoma usoni, akainuka, akaweka kiganja ukutani. "Ala," alisema. "Kumbe ipo."

Siku hiyo hatukufanya mazoezi. Alinikalisha, akazungumza kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, kama wanavyofanya wanaoanza kutosikia. Alisema hajali kutosikia bendi, bendi amezisikia za kutosha. Hajali kutosikia mashine. "Ila ule mpigo wa Mama, mwanangu. Hicho ndicho kitu pekee nilichokitengeneza mimi. Nataka niuandike kabla sijaachwa. Ukinipotea ule, nitakuwa nimeishi kuokota vya watu tu." Mama alikuwa amesimama na kijiko chake cha kuchotea mahamri, mafuta yanadondoka chini.

Tukaanza. Alipiga, akaandika, akanipa nisome. Nilipiga alichoandika, yeye ameweka taya juu ya gitaa langu, na kila mara alitikisa kichwa. "Noti ndizo. Lakini umevaa viatu vya mtu mwingine." Karatasi zake zilikuwa msitu: noti zimefungwa minyororo, nukta juu ya nukta, vituo vidogo kila mahali. Alifuta mpaka karatasi ikatoboka. Na mimi sikuweza kumsaidia kwa sikio, maana mtu akiwazia anachopiga hakipigi tena, na kila alipoupiga ulitoka tofauti. Baada ya muda aliacha. Alikuwa ameingiwa na hofu mpya. "Kila nikisoma huu mbovu," aliniambia, "ule mzuri unafifia. Wallahi naufuta mwenyewe kichwani." Alizikunja zile karatasi, akampa Mama awashie jiko.

Halafu masikio yakaenda moja kwa moja. Gitaa akalitundika kwenye msumari. Mara moja moja alilishusha, akaweka taya, akapiga uzi mmoja. "Mtikisiko naupata," alisema. "Ila sijui ni noti gani inayotikisika." Alichobaki nacho ni karatasi za watu. Alikaa kwenye kiti chake cha kamba na tenzi za Changamwe mapajani, akizisoma ukurasa baada ya ukurasa, midomo ikichezacheza, mara nyingine akitabasamu kabla ya kufika mahali pazuri. Mzee wa Timbwani alimkuta hivyo akashtuka, akamvuta Mama kando kumuuliza kama rafiki yake amerukwa na akili. "Muache," Mama alisema. "Yuko kwenye shoo." Yule mzee alikaa karibu naye muda mrefu siku ile, akitazama zile karatasi asizoweza kuzisoma, na hakutania.

Mimi nikabaki na ule mpigo vipande vipande. Nilikuwa nikiamka nao, ukanikimbia nikipiga mswaki. Nilijua unaanzia wapi kwenye shingo ya gitaa, nilijua unakwenda wapi, lakini nikiuweka pamoja uliketi tu, haukusimama. Watu walikuwa wamekaa, kama alivyosema mzee.

Basi ikawa harusi ya mtu wa kanisani kwetu, kule Ziwa la Ng'ombe. Mchana, turubai limefungwa, vyombo vyetu bado havijaunganishwa, na kina mama wa ngoma wamekwishaanza na kayamba zao. Wakamwita Mama. Akakataa, akasema yeye ni mzee, wakamvuta, akaingia. Nilikuwa nimesimama ukingoni na waya mkononi. Nilimtazama kwa mazoea, nikihesabu kama nilivyofundishwa, moja pale kayamba inapopiga kwa nguvu. Ndivyo tulivyohesabu siku zote. Ndivyo alivyojifunza Mwalimu kwenye tenzi, ambako fimbo ya kiongozi ikishuka na sauti zikipasuka, hapo ndipo moja.

Lakini bega la Mama halikuanguka hapo. Kayamba ilipiga, yeye akangoja. Kayamba ikavuta pumzi, pakawa na nafasi tupu ndogo sana, na bega likaanguka ndani ya ile nafasi. Tena. Tena. Nikaacha kuhesabu kayamba. Nikahesabu bega, moja pale linapoanguka, na ule mpigo ukaja. Ulikuja mzima, umetulia, hauna haraka, kana kwamba ulikuwa umekaa kwenye chumba cha pili miaka yote hiyo ukisubiri nifungue mlango ulio sawa. Niliangusha waya. Mpiga kinanda akanifokea, "We dada, vipi, umeona jini?" Sikumjibu. Nilikuwa nacheka na kulia pamoja, na kina mama wakadhani ni furaha ya harusi, wakanipigia kigelegele.

Nilipouandika, haukujaza hata ukurasa. Ule msitu wote ulikuwa umetokana na kuanza kuhesabu mahali pasipo pake. Moja ikikaa begani, kila noti inaketi chumbani mwake, isipokuwa moja tu, na hapo ni lazima kidole cha mwisho kiende kwa jirani.

Nilikwenda Magogoni mchana wa siku iliyofuata. Stima ilikuwa imepotea. Mashine imenyamaza, hakuna redio popote, ua umetulia mpaka unasikia kuku akitembea. Mwalimu alikuwa kwenye kiti chake. Alikuwa amekonda, miwani yake imefungwa kwa uzi. Niliinama mbele yake ili aone midomo yangu. "Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba!" alisema kwa sauti ya kuita mtu ng'ambo ya barabara. "Kucha!"

Nikampa mikono, akakagua, akaridhika. Ndipo nikamwekea karatasi mapajani.

Alisoma kichwa chake, nilipoandika "Mpigo wa Mama," akainua macho haraka. Niliona hofu ile ile ya zamani. Alitaka kunirudishia. Nikatikisa kichwa, nikaweka kidole kwenye noti ya kwanza, kwenye moja, kisha nikajigusa begani.

Alinitazama. Akatazama karatasi. Akatazama bega langu. Midomo yake ilianza kuhesabu, ikasimama, ikaanza upya. Kidole chake kilikuwa juu ya noti ya kwanza na hakisogei, na mimi nilisimama pale nikijiuliza kama nimechelewa, kama ile mipigo mibovu ya karatasini imeshamfutia kila kitu. Nilimwomba Mungu waziwazi, bila aibu.

Bega lake la kushoto likaanguka.

Likapanda, likangoja kidogo, likaanguka tena, pale pale. Kidole kikaanza kutembea juu ya karatasi. Mkono wa pili ulikuwa pajani, na vidole vyake vilikuwa vikitafuta vyumba kwenye kitambaa cha suruali, kimoja kimoja, kwa kanuni, na vilipofika pale mwishoni bibi mdogo akatoka nje akaenda kulala kwa jirani. Mwalimu akacheka kimya kimya. Hapakuwa na sauti yoyote uani. Wala yeye hakusikia, wala mimi sikusikia.

Mama akatoka jikoni na beseni la unga uliokandwa. Alikuwa aniulize kama nimekula, mdomo umeshafunguka, akamwona mumewe. Akasimama. Alitazama lile bega likianguka mara moja, mara ya pili.

"Lo!" alisema. "Huo si mpigo wangu?"

Akaweka beseni chini, mchangani, unga wazi bila kifuniko, jambo ambalo hajawahi kulifanya maishani mwake. Mwalimu hakumsikia. Aliona miguu yake ikisogea, akainua macho kutoka kwenye karatasi, na wakati huo bega la Mama lilikuwa linaanguka pamoja na lake.

Alifika mwisho wa ukurasa. Akarudisha kidole juu, kwenye noti ya kwanza.

"Tena," alisema.